Formasyo ya mkono idumu kama kano inavyodumu kupona

Nianze na kile ninachoamini halafu nieleze juu ya nini: formasyo (mafunzo) ya siku mbili haiwezi kumfundisha kine (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo) kutunza mkono. Inaweza kumkumbusha anatomia aliyoisahau tangu masomo, inaweza kumkutanisha na wenzake wa Uvira na Goma na hilo lina faida yake, lakini mkono wenyewe hatakuwa ameuona, juu mkono hauponi kwa siku mbili. Kano ya kidole (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyokatwa na panga ikashonwa vizuri inaomba kama wiki 12 mpaka mwenyewe abebe tena bido ya maji bila woga, na katika hizo wiki 12 kazi ya kine inabadilika karibu kila wiki, kile kinachosaidia wiki ya sita kinaweza kuikata kano wiki ya pili. Sasa unamfundisha mtu hayo yote kati ya Jumatatu na Jumanne, na slaidi, kidole kilichochorwa?

Mi ni kine hapa Bukavu na mikono inayofika kwetu ina historia nzito. Kuna panga, iwe ya shambani kule Walungu ama ya wezi wa usiku, na mara nyingi mtu alikinga kichwa kwa mkono kwa hiyo kano zimekatika pamoja na neva (mishipa ya fahamu). Kuna risasi. Kuna pikipiki, vijana wanaanguka wanavunja mfupa wa mkono wa juu, na neva radiali inazunguka ule mfupa kabisa kwa hiyo inaumia nayo, kiganja kinaning'inia hakinyanyuki. Kuna watoto walioangukia mbabula au mafuta ya kukaangia sambaza. Kuna wachimbaji wa Kamituga waliopondwa vidole na jiwe. Na kuna mama wa kawaida tu wa Kadutu, kajikata na chupa akiosha vyombo, kidonda kidogo, kituo cha mtaani kikashona ngozi na kumrudisha nyumbani, na baada ya siku kadhaa njo anagundua kidole hakikunjiki tena.

Huyo mama ndiye ananifanya niandike haya, juu kesi yake inaonekana rahisi na ndiyo ngumu kuliko zote.

Kati ya mkunjo wa juu wa kiganja, ule ulio karibu na vidole, mpaka katikati ya kidole kuna eneo ambalo vitabu vinaliita zoni 2. Pale kano mbili za kukunja kidole zinapita pamoja ndani ya mfereji mwembamba sana, zikivimba kidogo au kovu likiota zinagandana na ukuta na kidole kinabaki mti. Sterling Bunnell, yule Mmarekani ambaye wengi wanamhesabu baba wa upasuaji wa mkono, aliliita eneo hilo nchi isiyo na mwenyewe, na kwa miaka mingi ushauri ulikuwa: pale usishone kano siku ya jeraha, funga ngozi, subiri, baadaye upandikize kano nyingine. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walileta matokeo tofauti, wao walikuwa wanashona mapema na kufunga raba kwenye ukucha, mgonjwa ananyoosha kidole mwenyewe na raba inakirudisha, kwa hiyo kano inatembea bila kuvutwa na msuli. Mwaka 1975 Duran na Houser wakaonyesha kwamba kano ikisogezwa milimita 3 mpaka 5 tu inatosha kuzuia kovu lisiishike. Milimita 3! Yaani unene wa kamba ya kiatu njo unatenganisha kidole kinachofanya kazi na kidole kilichokufa ugumu.

Angalia kilichobadilisha matokeo ya wale watu. Uzi ulikuwepo na sindano ilikuwepo, kilichoongezwa ni namna ya kukitembeza kidole baada ya kushona, na hiyo ni kazi yetu sisi. Na haikuishia 1975, leo protokole nyingi zinamwacha mgonjwa akunje kidole kwa nguvu yake mwenyewe tangu siku ya 3 mpaka ya 5, nusu ngumi tu, ilimradi mpasuaji ameshona kwa nyuzi 4 au zaidi zinazovuka pale kano ilipokatika. Kine aliyefundishwa zamani kufunga mkono wiki 3 bila kuugusa, na hajapata formasyo nyingine tangu hapo, ataendelea vile mpaka pensheni na wagonjwa wake wataendelea kutoka na vidole vigumu, na hakuna atakayemlaumu juu hata wao wanadhani kidole kilichokatwa lazima kibaki hivyo. (Kwa mtoto mdogo asiyefuata maelezo, kufunga bado kuna maana, nisije nikasomwa vibaya.)

Kwa hiyo formasyo ya kuendelea si pambo kwenye CV. Wenzetu wa Marekani wana chama cha wataalamu wa mkono tangu 1977, na shirikisho la dunia la vyama hivyo, IFSHT, lipo tangu 1987. Mtihani wa cheti chao ulianza 1991, na ili mtu auketie anatakiwa awe na miaka 3 ya kazi na masaa 4,000 ya kushika mikono ya wagonjwa moja kwa moja, kisha cheti chenyewe anakifanyia upya kila miaka 5 akionyesha kwamba bado anajifunza. Masaa 4,000. Hata kule wenye vitabu vyote na intaneti isiyokatika hawampi mtu jina hilo kwa kukaa kwenye kiti ukumbini. Mi sisemi tuige mtihani wao, nasema tuige imani yao kwamba mkono unajifunzwa kwenye mkono.

Huku kwetu formasyo mara nyingi inakuja na mradi. Mradi una mwezi wa kufunga hesabu, kwa hiyo formasyo inakuwa siku 2 au 3, kuna perdiemu, kuna picha ya pamoja, kuna sertifika, na walimu wengine ni wazuri kweli, nimejifunza kwao mambo ninayotumia mpaka leo. Lakini mwalimu anaondoka Alhamisi. Jumatatu ijayo mgonjwa anakuja kidole kimevimba kuliko kile cha kwenye slaidi, atele (kile kifaa kigumu cha kushikilia mkono) imelowa mvua, karatasi ya mpasuaji imeandikwa "kano imeshonwa" basi, haisemi kano ipi, nyuzi ngapi, neva iko vipi. Na kine yuko peke yake na swali lake. Tangu vita vifike hapa mjini mapema 2025 hata kwenda Kinshasa kwa masomo kumekuwa kugumu sana, kwa hiyo yule anayesubiri formasyo imfuate kutoka mbali atasubiri sana.

Ndiyo maana sisi wakine wachache, pamoja na mpasuaji mmoja mwenye moyo, tulianza kufanya kitu kingine. Tunachukua mgonjwa mmoja, mmoja tu, aliyekubali, na tunamfuata wote pamoja wiki 12. Hiyo njo formasyo. Hakuna ukumbi wala perdiemu, mwenye zamu analeta chai na mandazi.

Inaanzia bloki, ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe. Hapa nimwombe kila mpasuaji anayesoma: mwite kine wako aingie. Kuna namna ya kupasua mkono ambayo daktari Don Lalonde wa Saint John kule Kanada ameitangaza sana, inaitwa WALANT, mgonjwa halazwi usingizi na mkono haufungwi mpira wa kuzuia damu, wanachoma lidokaini (dawa ya ganzi) iliyochanganywa na adrenalini, wanasubiri karibu nusu saa mpaka adrenalini ibane mishipa ya damu, wanapasua mtu akiwa macho anaongea. Miaka na miaka vitabu vilikataza adrenalini kwenye kidole eti kidole kitakufa, na ikaonekana kwamba kwa dozi ya sawa ni salama. Kwa mji kama wetu ambapo mtu wa usingizi ni wa kutafuta kwa tochi hiyo ni neema, lakini faida kwa kine ni nyingine: kabla ya kufunga ngozi docta anamwambia mgonjwa "mama, kunja kidole… nyoosha… kunja tena," na wote mnaona kwa macho kama kano inapita vizuri ndani ya mfereji, kama pale iliposhonwa panaachia nafasi, kama kuna sehemu inakwama. Kine aliyeona hivyo hatakuwa na woga usio na sababu siku ya nne. Na hatakuwa na ujasiri usio na sababu pia, juu ameona uzi wenyewe ni mwembamba kiasi gani.

Siku za kwanza kazi ni ndogo na ndiyo inayovurugika zaidi: mkono ukae juu kuliko moyo, mgonjwa asiuning'inize, atele ya mgongoni mwa mkono izuie vidole visinyooke kupita kipimo. Kuanzia siku ya 3, 4, 5 tunaanza, kila mara kwanza vidole vinakunjwa polepole na mkono mzima wa pili ili uvimbe na ugumu vipungue, halafu ndiyo mgonjwa akunje mwenyewe, nusu ngumi, asifinye kitu. Wiki zile za mwanzo kano ni dhaifu kuliko siku iliposhonwa, juu mwili unalainisha ncha zake kabla ya kujenga upya, na hapo njo watu wengi wanakata, si kwa uzembe, ni kwa sababu maumivu yameisha na mtu anahisi amepona. Karibu na wiki ya 6 atele inaanza kutoka. Uzito unaingia kidogo kidogo baada ya ya 8. Tunakutana kila wiki, dakika 40 hivi, mgonjwa mwenyewe akiwepo, na kila kine anapima.

Kupima! Mngeona mara ya kwanza wakine wanne wanapima kidole kile kile kwa goniometa (chombo cha kupima pembe ya kiungo) ile ile na kila mmoja anasoma namba yake. Tofauti ya digrii 5 unaweza kuivumilia, digrii 20 maana yake mmoja ameweka chombo pembeni na mwingine juu, ama mmoja ameacha kifundo cha mkono kimekunjwa na mwingine kimenyooka. Tulikaa kwenye hilo tu jioni nzima na lilitusaidia kuliko mihadhara mingi, juu kama hatupimi sawa hatuwezi kujua mgonjwa anaendelea au anarudi nyuma. Na asiye na goniometa asikate tamaa. Kipimo cha Kapandji cha kidole gumba hakitaki chombo chochote: unamwambia mgonjwa aguse kwa ncha ya gumba kuanzia ubavu wa kidole cha shahada, ashuke ncha za vidole vingine, kisha ateremke kidole kidogo mpaka mkunjo wa kiganja, unampa alama kutoka 0 mpaka 10. Umemaliza.

Kwa maisha ya kila siku kuna fomu inaitwa DASH, ina maswali 30, na ile fupi ina 11. Ni nzuri, imetafsiriwa lugha nyingi, lakini ukiisoma unaona imeandikiwa nyumba nyingine: kufungua chupa iliyokazwa kifuniko, kubadilisha balbu iliyo juu ya kichwa, kukausha nywele na mashine. Mama wa Bagira hapimi mkono wake hivyo. Yeye anataka kujua kama atasonga bugali, kama atakamua kitenge kilicholowa, kama atashika jembe, kama atahesabu noti bila kuziangusha mbele ya wateja. Kwa hiyo pamoja na fomu tunaweka sahani. Mtu akimega bugali, akaiviringisha kwa vidole na kuitia shimo la kuchotea sombe kwa gumba, umeona kukunja kwa viungo vyote, umeona gumba linavyokutana na vidole, umeona hisia ya ncha, umeona uratibu, kwa dakika moja. Ningependa siku moja watu wa utafiti wa vyuo vyetu walifanye hilo kuwa kipimo chenye namba, juu hapa ni wengi mno wanaokula kwa mkono kuliko wanaokausha nywele na mashine.

Kuna swali lilitufundisha sana. Mama mmoja, wiki ya tatu, aliuliza "Docta, nitasonga lini?" Mwenzangu akamjibu "Mama, wiki hii bado nusu ngumi tu, mwiko usiguse." Naye akasema, kwa upole kabisa, "Sawa baba, na watoto watakula nini?" Tulinyamaza. Halafu tukaacha mambo ya digrii tukaanza kupanga naye nani yuko nyumbani, binti wa dada yake ana miaka mingapi, jirani gani anaweza kusongea nyumba mbili, na kwa ajili hiyo kano yake ilifika wiki ya 12 salama. Hilo somo hakuna slaidi ingelitoa, juu kwenye slaidi mgonjwa haulizi. Na wale wa Idjwi wanaovuka kwa bato, hao hawatakuja kila wiki hata ukiwabembeleza, nauli haipo, kwa hiyo kine anayesoma mkono lazima asome pia kufundisha: mgonjwa akuonyeshe yeye zoezi lake, si wewe umwonyeshe, na umrekodi kwa simu yake mwenyewe akilifanya sawa ili nyumbani ajiangalie.

Habari ya vifaa sitakaa sana. Plastiki ya atele inayolainika kwenye maji ya moto ya digrii 65 au 70 ni nzuri mno, inatoka nje, ni ghali, ikiisha imeisha. Platri, ile jasi ya kufungia mfupa uliovunjika, inapatikana, na ukijua kuifinyanga inakaa kwenye mkono vizuri kabisa, na kwa kiungo cha katikati cha kidole kilichokakamaa, platri ndogo ya kidole inayobadilishwa kila siku chache ikikinyoosha polepole ni tiba ya heshima, si tiba ya maskini. Kinachokosekana mara nyingi ni kujua kuweka mkono namna gani ndani yake. Mkono uliopondwa ama kuungua mgongoni ukae hivi: kifundo kimenyanyuka digrii 20 mpaka 30, viungo vya mizizi ya vidole vimekunjwa 70 mpaka 90, na vidole vyenyewe vimenyooka. Sababu ni kano-fungo (zile zinazoshikanisha mfupa na mfupa) za pembeni ya ile mizizi, kidole kikikunjwa zinavutika, kikinyooka zinalegea, na zikiachwa zimelegea wiki kadhaa zinajifupisha na hutakunja ngumi tena. Bado naona mikono imefungwa bandeji kama mpira, vidole vimekunjika ovyo. Huu ni ujumbe ambao ningependa kila anfirmie (muuguzi) wa kila kituo cha afya Kivu Kusini aupate, hata kabla ya wakine.

Na tukisema hatuna vitu, tumkumbuke Paul Brand. Alizaliwa 1914 India, akarudi huko 1946 kufundisha upasuaji Vellore, na akaanza kuhamisha kano kwenye mikono ya wagonjwa wa ukoma iliyokuwa imejikunja kama kucha za ndege, wakati ambapo karibu hakuna aliyeona maana ya kuipasua. Kano iliyohamishwa inabidi ifundishwe kazi mpya, msuli uliozoea kukunja sasa unasaidia kunyoosha, na bila mtu wa kukaa na mgonjwa siku baada ya siku operesheni yote ni bure. Ukoma bado uko Congo, na mikono hiyo bado inakuja.

Intaneti inasaidia, sitaki kuidharau. Physiopedia ina kurasa nyingi za bure juu ya mkono, nyingi kwa Kiingereza, na sisi tunasoma kwa kugawana, kila mmoja ukurasa wake, anatuma muhtasari kwa sauti ya WhatsApp kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Ufaransa kuna GEMMSOR, jumuiya ya watu wa mkono, na kuna diploma ya vyuo vikuu ya rehabilitasyo ya mkono, anayepata njia ya kwenda aende na arudi. Video tunazishusha usiku mtandao ukiwa mwepesi ili mchana zichezwe bila mega. Kwa picha za wagonjwa tumewekeana sheria kali: ruhusa kwanza, uso hapana, jina hapana, na tatuu au kovu linalomtambulisha mtu linafunikwa, juu katika mji huu mkono wenye jeraha la risasi unaweza kumletea mtu matatizo.

Kwa yule anayetaka kuanza kikundi kama hiki Uvira, Kalemie ama Lubumbashi: msianze na kesi ngumu. Kidole kilichoanguka ncha juu kano ya kunyoosha imekatika ni mwanzo mzuri, atele ndogo inyooshe ile ncha wiki 6 mpaka 8 mchana na usiku bila kuachia hata wakati wa kunawa, inafundisha uvumilivu kwa pande zote mbili. Kisha kano za kukunja. Daftari moja la kikundi, tarehe, namba za kila kine pembeni kwa pembeni, na nafasi ya kuandika alichosema mgonjwa. Mpasuaji awepo angalau wiki ya kwanza, ya 3, ya 6 na ya mwisho, na aulizwe maswali kama mwenzenu, wengi wanafurahi kuliko mnavyofikiri juu hata wao hawajawahi kuona mkono wao walioushona unakuwaje wiki ya 10.

Kikundi chetu kinachofuata kitamchukua kijana wa pikipiki mwenye neva radiali. Neva inaota karibu milimita 1 kwa siku, kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka kwenye misuli ya kwanza kuamka ni miezi 3 au 4, na ya vidole iko mbali zaidi. Muda wote huo anahitaji atele ya kunyanyua kifundo ili aendelee kushika vitu, na viungo vyake visikakamae vikisubiri. Wiki 12 hazitafika hata nusu, na tumeshakubaliana kwamba tutakaa mpaka mwisho.